Mama Aliposema Mimba ya Nne

Kwetu Wanande mtoto hachaguliwi jina, anapewa zamu. Wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, hesabu ni moja ila majina ya wavulana mbali na ya wasichana mbali, na hivyo hivyo mpaka mama achoke. Ukisimama sokoni Butembo ukaita jina la kijana wa kwanza, nusu ya soko itageuka, na nusu nyingine itakwambia huyo unayemtafuta ameenda Kasindi. Na anayezaliwa akafa siku hiyo hiyo hamwachii mwenzake zamu. Anaondoka nayo. Anayefuata anachukua jina linalofuata.

Mimi ndiye mkubwa nyumbani kwetu Beni, lakini jina langu ni la pili. Siku moja mwalimu mgeni, aliyetumwa kutoka mkoa mwingine, aliuliza darasani ni nani kati yetu ana kaka au dada aliyemaliza shule. Nikainua mkono: "Wa kwetu alimaliza mbele ya kuanza, mwalimu." Waliojua walicheka, mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake. Nyumbani sikulirudia hilo. Nyumbani wale ambao hawapo hawatajwi. Baada yangu anakuja kaka yangu mwenye jina la nne, kisha kadogo ketu mwenye jina la saba. Ukitazama vizuri utaona kinywa chenye meno yaliyong'oka, lakini hakuna aliyekuwa akipitisha ulimi pale.

Halafu, katikati ya vita, tumbo la mama likaanza kupanda tena.

Wakati ule tulikuwa na serikali nyingi kuliko vyoo. Kulikuwa na ile ya Kinshasa, ambayo tuliisikia redioni. Kulikuwa na ile ya Beni, iliyotoka msituni ikakaa kwenye ofisi na kuanza kugonga mihuri. Tena kulikuwa na nyingine ndogo ndogo, karibu kila kilima na yake. Walipigania forodha ya Kasindi, walipigania mbao, walipigania kahawa. Kitu kimoja tu hawakukipigania: karatasi iliyobandikwa ukutani kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu wa Ruwenzori. Karatasi hiyo ilitoka Kinshasa kabla ya vita. Wale wa Beni walipofika waliikuta, wakaisoma, wakaona haina ubaya, wakagonga muhuri wao juu ya muhuri wa zamani, basi.

Ilisema ni mama gani hana ruhusa ya kuzalia kituoni: mfupi asiyefikia mstari uliochorwa mlangoni, aliyewahi kupasuliwa, na yule ambaye mimba zake zimepita tano. Hao lazima waende kwenye hospitali kubwa mwezi wa nane wa mimba, wangoje huko huko. Hospitali ya Beni ilikuwa imejaa askari wenye risasi ndani, kwa hiyo wakubwa wa afya walikuwa wameamua mama hao wapelekwe Butembo, ambako masista walikuwa na nyumba ya kungojea.

Naipenda ile karatasi, nisiseme uongo. Ilijua jambo ambalo mimi nililiona kwa macho. Kadogo ketu alizaliwa nyumbani, siku ambayo hakuna aliyeweza kupita barabarani kwa sababu ya risasi. Mtoto alitoka vizuri, akalia vizuri. Kisha damu ikaja, ikaendelea kuja. Majirani walimfunga mama kwa vitenge, wakamkanda tumbo, wakasali rozari kwa haraka kama watu wanaogombana. Mama alikuwa amekuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Mimi ndiye niliyefua vile vitenge. Alipopona alisema, "Imekwisha," na kweli haikuzungumzwa tena.

Ndiyo maana nilipoliona tumbo jipya nilihesabu kwa vidole, nikafika nane, nikaishiwa mizaha. Mimi! Mtu aliyefukuzwa kwenye katekisimu kwa kucheka.

Mama naye alikuwa na hesabu yake, na haikuwa ya kijinga. Baba alikuwa Kasindi, akiwasaidia wenye malori kupitisha mizigo forodhani, na alikuja nyumbani mzigo ulipokuja. Kambi ya askari ilikuwa nyuma ya mtaa wetu. Mbele ya nyumba mama aliuza mafuta ya mawese, na mapipa yalilala ndani pamoja nasi. Nyumba isiyo na mtu mzima ilikuwa nyumba iliyokwisha funguliwa. Kwenda Butembo kungojea mwezi mzima kulikuwa sawa na kuwapelekea askari ufunguo, tena ukiwa umepakwa mafuta.

Siku ya wenye mimba kituoni ilikuwa pia siku ya kupima watoto, ili mama asitembee mara mbili. Mimi nilikwenda nikimbeba kadogo, kisha mama akambeba yeye tulipofika, kwa sababu mama hupenda kuingia mahali akiwa na mtoto mgongoni.

Muuguzi mkuu tulimwita Docta, ingawa hakuwa daktari. Alitoka mbali sana, upande wa magharibi, mto unakokwenda. Serikali ya Kinshasa ilimtuma kwetu, kisha vita vikakata nchi, yeye akabaki upande huu na mshahara wake ukabaki upande ule. Angeweza kuuza vidonge sokoni kama wengine. Alibaki na koti lake jeupe, ambalo kiwiko chake kilikuwa na kiraka cha kitenge, akipima matumbo. Kiswahili alikikamata kwa mikono miwili lakini kilimtoroka. Mimi aliniita Mademoiselle Radio.

Binti wa mizani aliita jina la kadogo ketu kwa sauti kubwa, akapimwa, akalia, akarudishwa mgongoni. Kisha ikafika zamu ya mama.

"Mama, hii mimba iko ya ngapi?"

"Ya nne, Docta," mama akasema. Hakupepesa jicho.

Benchi zima lilisikia. Na benchi zima lilikuwa limesikia pia jina lililoitwa kwenye mizani. Hakuna Mnande pale ambaye hakujua kwamba mwenye mtoto wa jina lile hawezi kuwa na mimba ya nne. Hakuna aliyekohoa. Binti wa mizani, wa kwetu kabisa, aliukazia macho mshale wa mizani ambayo haikuwa na mtoto. Na wala sikuona ajabu, maana asubuhi ile ile wengi wao walikuwa wamesema "ya tatu" na "ya nne" wakiwa na watoto wa jina la tano na la sita mapajani. Wao hawakuona kwamba wamedanganya. Kwetu ukiulizwa una watoto wangapi unataja wale wanaokula. Wale wengine, ukiwataja kwenye foleni, ni kama kuwaita waje kusimama na wewe juani.

Docta akaandika. Kalamu ilikuwa imekwisha kushuka kwenye mstari mwingine alipoinua kichwa akaniona.

"Mademoiselle Radio, kuya hapa. Unifasirie kitu moja. Leo nimepima batoto, jina moja, jina moja, jina moja! Kwetu jina ni ya babu, ao ni ya ndugu ya mama. Hapa ni nini? Mulinunua majina en gros, kwa jumla?"

Sasa ukiniuliza swali kama hilo mbele ya watu waliokaa wamechoka, ni kama kumwekea mbuzi chumvi.

"Docta, ile hapana jina. Ile ni jezi ya mpira. Wa kwanza anavaa moja, wa pili anavaa mbili. Hata muchezaji akitoka ku uwanja, jezi yake hapana mutu mwingine atavaa."

Benchi lilicheka. Mama mmoja alicheka mpaka akashika tumbo. Docta mwenyewe alicheka, kisha kicheko chake kikapunguza mwendo, kama baiskeli iliyotoka mnyororo.

"Muchezaji akitoka ku uwanja," akarudia polepole. Akatazama mgongo wa mama. "Na huyu? Anavaa jezi ngapi?"

Hapo ndipo benchi lilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nyuma yangu mama mmoja alinitolea neno la Kinande ambalo siwezi kuliandika.

Mama hakuniangalia. "Saba," akasema.

"Donc hii iko ya munane."

"Njo vile."

"Na ile ya mwisho, damu ilitoka?"

Mama akakaza kitenge cha mtoto mgongoni. "Ilitoka mingi," nikasema mimi.

Docta akavua miwani, akaifuta kwa ule mkono wenye kiraka. Nilidhani atafoka. Alisema tu, "Pole, mama," kwa sauti ya mtu anayezungumza mlangoni pa msiba. Kisha akaligeukia benchi na miwani yake safi. "Bamama bote benye nilishapima, murudi kukaa."

Siwezi kueleza sauti iliyotoka pale.

Mpaka leo watu huniuliza kama nilifanya makusudi. Mdomo wangu huwa unatangulia, kila mtu anajua. Lakini siku ile, ulipotangulia, mimi sikuukimbilia kuushika.

Tangu saa ile mama hakunisemesha. Alizungumza nami kwa kupitia kaka yangu, hata tukiwa wote watatu jikoni. "Mwambie yule redio alete jerikani." Kaka yangu alifurahia kazi hiyo kuliko Krismasi. "Mama anasema ulete jerikani," alikuja kunieleza, hatua moja kutoka pale mama alipokaa, "na mimi nasema uniachie muwa wako."

Pale nyumbani mama hakusema kwamba atakwenda Butembo wala kwamba hatakwenda. Docta alikuja mwenyewe, mara mbili, akakaa kwenye kiti cha baba na kunywa chai bila sukari. Mara ya kwanza alizungumza juu ya damu. Mara ya pili alimwangalia tu mama akipima mafuta kwa wateja, na alipoondoka akasema, "Mama, mimi hapana na serikali ya kukukamata. Niko na mudomo tu, kama huyu mutoto yako." Mama akacheka bila kupenda. Kesho yake akamtumia baba habari.

Baba alitupatia nafasi kwenye lori la chumvi lililotoka Kasindi. Kaka yangu aliachwa kwa jirani. Mapipa ya mafuta mama aliyasukuma chini ya kitanda na kuyafunika kwa mikeka, kana kwamba askari wote duniani hawajawahi kusikia habari ya vitanda. Alifunga mlango, akarudi kuujaribu, akaenda, akarudi tena kuujaribu. Nilimwona akiweka kiganja juu ya mbao za mlango kama vile unavyopima homa ya mtoto.

Njiani kulikuwa na vizuizi. Kwenye kimoja, kamba ilifungwa kati ya miti miwili, na kijana wa rika langu mwenye bunduki akaja dirishani.

"Munabeba nini?"

"Chumvi na mama," dereva akasema.

"Chumvi iko na karatasi. Karatasi ya mama iko wapi?"

Mama akajitazama tumbo, akalipigapiga. "Karatasi ni hii. Soma."

Kijana alilitazama lile tumbo, akatutazama, akashusha kamba. Dereva alicheka mpaka tukavuka mlima. Na mimi, niliyebanwa katikati na kadogo mapajani, nilipata jibu la swali ambalo walimu wangu waliniuliza kila mwaka, kwamba mdomo huu niliutoa wapi. Nilitaka kumwambia mama. Lakini kaka hakuwepo wa kupeleka ujumbe.

Nyumba ya kungojea ilikuwa nyuma ya hospitali, vyumba kwenye mstari mmoja na majiko nje, kila mmoja na mafiga yake. Wanawake walitoka vilima vyote vya Lubero, kila mmoja na unga wake na maharagi yake na mtu wa kumsaidia. Walitembea kama bata baada ya mvua. Serikali ilisema waje kungojea, haikusema watakula nini. Wenye shamba karibu waliwagawia wa mbali, na wa mbali waliwasuka nywele wenye shamba.

Sista wa uzazi alikuwa mtu wa Lubero, mnene, mwenye viatu vya mpira. Alikuja kutuona tukiwa tunamenya ndizi. Nilikaa tayari kusikia lile swali, nikauma ulimi kabisa ili usitoroke. Lakini hakuuliza ya ngapi. Alichukua kigoda, akakaa, akaokota ndizi moja na kuanza kuimenya yeye pia.

"Mama, ulianzaka na nani?"

Kisu cha mama kikasimama. Kisha akataja jina. Lile la kwanza.

"Alikaa?"

"Hapana kaa."

"Kisha?"

"Kisha huyu mwenye mudomo."

"Kisha?"

Mama akaendelea. Wa tatu alikuwa mtu wa kucheka, alicheka hata akiogeshwa kwa maji baridi. Wa tano alikwenda na surua, mwaka ambao barabara ilifungwa, friji ya chanjo ikakosa mafuta ya taa, na kituo kikawaambia kina mama warudi wiki ijayo, kisha wiki ijayo. Wa sita alizaliwa shambani tulipokimbia, akazikwa huko huko chini ya migomba ya watu. Ule mwaka mimi nilikuwa mkubwa kiasi cha kubeba sufuria kichwani. Nakumbuka sufuria, nakumbuka tope, na sikujua kwamba tulirudi tukiwa pungufu. Mama alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, akimenya. Mimi nilimshika kadogo na kutazama maganda.

"Banaishia pale," mama akasema mwishoni.

"Wasingya, mama," Sista akasema, yaani asante, akaweka ndizi yake kwenye sufuria letu.

Mtoto alikuja asubuhi, wakati naanika nguo. Nilimsikia akilia nikacheza peke yangu pale kwenye kamba. Halafu nikasikia viatu vya mpira vya Sista, na viatu vile havikuwa vikitembea. Nikajua. Sauti ya watu wanaokimbilia damu ni moja, iwe Beni, iwe Butembo.

Lakini mle ndani hapakuwa na vitenge na rozari peke yake. Kulikuwa na sindano, kulikuwa na mtu wa kumkanda tumbo anayejua pa kukanda, kulikuwa na daktari aliyeitwa akaja akiwa bado anatafuna. Damu ilipungua. Iliyobaki mwilini haikutosha. Sista akatoka na kusema inatakiwa damu ya mtu, tena sasa hivi. Nikakunja mkono wa shati.

"Uko na miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

"Sheria inakataa."

"Na sheria inakubali mama afe?"

Sikuwa nafanya mzaha na yeye hakulichukua kama mzaha. Aligeuka, akamtuma mtu mbio ng'ambo ya uwanja, parokiani, ambako kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Nilisikia wimbo ukikatika katikati ya neno. Wakaja wote, soprano wakiwa mbele, wakajipanga ukutani wakihema, wakachomwa vidole mmoja mmoja. Damu iliyofaa ilikuwa ya mwanaume wa sauti ya besi, mfanyabiashara wa vitunguu, ambaye aliomba tu apewe kitu cha kutazama ili asione sindano.

"Mama ataamuka anaimba besi," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Kisha mmoja wa soprano akacheka, na mimi nikaanza kulia kwa nguvu nyingi hivi kwamba walinishika kama mgonjwa ni mimi.

Mama aliamka. Siku zilizofuata alikunywa uji, akanyonyesha, akalala, akanywa uji. Bado hakunisemesha, lakini sasa nilikuwa naye chumba kimoja na nilimsikia akipumua, sikuhitaji maneno.

Dereva wa lori la chumvi alipopita tena Butembo, alisimama mlangoni pa wodi na kofia mkononi. Kofia mkononi si habari nzuri.

"Mama, baliingia ku nyumba."

Mama alikuwa amekaa, mgongo ukutani, mtoto kwenye ziwa. "Mutoto wangu?"

"Mutoto iko muzima. Iko kwa jirani, anakula kuliko batoto ba jirani."

Mama akafumba macho, akayafumbua. "Mafuta?"

"Yote."

"Godoro?"

"Na godoro."

"Chungu?"

Dereva akaitazama kofia yake. "Na chungu, mama."

Sista aliingia katika hali hiyo, hajui kitu, akiwa na mazungumzo yake ambayo serikali inataka kila mama aliyejifungua ayasikie kabla ya kwenda nyumbani: kwamba tumbo limechoka, kwamba kuna njia za kupumzika na nyingine hata Kanisa halikatai, kwamba ikitokea mimba nyingine, Mungu apishe mbali, aje mapema. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alimsikiliza kwa heshima kabisa.

"Sista, mulinifanyia vizuri. Ningebakia kule, hawa batoto wangelia. Mais ile karatasi ya ku ukuta, muongeze mustari moja."

"Mustari gani?"

"Ya kusema nani atalinda nyumba."

Sista akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Hiyo, mama, inaomba kuandikia serikali."

"Ile gani?"

Dereva alianza kucheka akajizuia. Nje, kwenye majiko, mtu alikuwa akimwita mwenzake amkopeshe chumvi. Mimi nilikuwa na jibu, nilikuwa na majibu hata matatu, na yote yalikuwa mazuri, nikayameza.

"Weye," mama akasema, na alikuwa akinitazama mimi. "Shika mutoto."

Nikamshika. Alikuwa na joto, mzito kuliko nilivyodhani, na alinikunjia uso kama mtu aliyekwisha pata habari zangu. Mama akajishusha polepole mpaka akalala ubavu, mkono chini ya shavu.

"Dereva angoje kidogo," akasema. "Nitamutuma kwa baba yenu. Alete godoro na chungu. Mafuta nitatafuta mimi mwenyewe."